Bahari ina sauti, nani wa Pwani ataitungia muziki?

Desemba 2023, katika wiki ya Tuzo za Nobel mjini Stockholm, Sweden, okestra ya Royal Stockholm Philharmonic ilipiga kazi ya mtunzi kijana kutoka Marekani, Gabriella Smith, aliyezaliwa mwaka 1991. Kazi hiyo inaitwa Tumblebird Contrails. Ni ya dakika kama 12, haina neno hata moja la kuimbwa, na inahusu bahari. Aliyeiongoza ni Esa-Pekka Salonen, mmoja wa waongozaji okestra wanaoheshimika sana duniani.

Kwetu Pwani habari hiyo ilipita kimya, na si ajabu. Tuna mambo yetu: bei ya mafuta ya mashua, samaki waliopungua, ardhi zinazogombaniwa. Lakini namuomba msomaji aitulie kidogo. Msichana mmoja alikaa mchangani akasikiliza mawimbi, na alichokisikia kikafika mbele ya wanasayansi wakubwa wa dunia. Sisi tumeishi na Bahari Hindi zaidi ya miaka elfu moja. Leo bahari hiyo inabadilika mbele ya macho yetu, na muziki wetu mwingi unaoizungumzia ni wimbo wa kampeni uliolipiwa na mradi fulani. Vipaji tunavyo na ala tunazo. Kasoro iko katika namna tunavyowaagiza wasanii wetu kazi.

Alichokisikia mchangani

Smith alikulia Berkeley, California. Kaskazini mwa San Francisco kuna rasi iitwayo Point Reyes, mahali pa miamba, upepo na mawimbi makali ya Pasifiki. Akiwa bado mdogo alijitolea huko kwa miaka kadhaa katika mradi wa utafiti wa ndege. Baadaye alisomea utunzi katika chuo cha Curtis mjini Philadelphia. Tumblebird Contrails aliitunga mwaka 2014, akiwa na miaka 20 na ushei tu, na ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka huo huo katika tamasha la Cabrillo, California. Jina lenyewe halimo katika kamusi yoyote. Amelibuni kwa ajili ya mlio wake na hisia inayoleta.

Mwenyewe ameeleza kwamba kazi hiyo ilizaliwa pale alipoketi ukingoni mwa maji huko Point Reyes akasikiliza tu. Ukiisikiliza utajua kwamba hakudanganya. Haianzi na wimbo. Inaanza na pumzi na mkwaruzo: pinde za fidla zinapita juu ya nyuzi bila kutoa noti kamili, kama mchanga unaochemka povu linaporudi nyuma. Kisha sauti zinaanza kupanda na kuteleza, zinalia kama ndege wa baharini. Wimbi linajengeka, ala zinaingia moja baada ya nyingine, mpaka okestra nzima inavuma kwa pamoja. Halafu maji yanarudi yalikotoka.

Yeyote aliyelala karibu na ufuo anaujua mwendo huo. Wavuvi wetu wanaujua zaidi, kwa sababu maisha yao yanahesabiwa kwa bamvua na maji mafu. Jambo la kutazama ni kwamba mtunzi huyu hakutumia okestra kuipamba bahari kwa sauti tamu, kama zile picha za machweo zinazouzwa kwa watalii. Alifanya kazi ya kuichunguza. Alijiuliza: povu linatoa sauti gani? Ni ala ipi inayoweza kuitoa, na mpigaji afanye nini kwa mkono wake ili itoke? Huo ni ufundi wa mtu aliyetoa muda wake kwa jambo moja.

Miaka iliyofuata aliendelea na njia hiyo. Mwaka 2022, okestra ya Los Angeles Philharmonic ilipiga Breathing Forests, kazi yake ya ogani na okestra. Ina sehemu tatu, ambazo majina yake kwa Kiswahili yangekuwa Kukua, Kupumua na Kuungua. Si vigumu kujua ilikotoka. Mwaka 2020 moto uliteketeza zaidi ya ekari milioni 4 katika California. Ogani ni ala inayopumua, kwa kuwa sauti yake ni hewa inayosukumwa ndani ya mabomba, kwa hivyo ukitaka kuzungumza juu ya msitu unaovuta pumzi na kisha kushika moto, huna ala inayofaa kuliko hiyo. Mwaka 2023 ikafuata Lost Coast, kazi ya selo na okestra, iliyobeba huzuni na hasira kuhusu tabianchi inayoharibika, pamoja na furaha ya kuona kile ambacho bado kipo.

Na hiyo furaha ndiyo inayomtofautisha na wengi. Muziki wake hauombolezi tu. Una kasi, una mchezo, mahali pengine unakufanya utake kusimama. Amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba hofu peke yake haimsogezi mtu kufanya kazi, na yeye mwenyewe hufanya kazi hiyo kwa mikono. Huko Seattle ameshiriki kurudisha mimea ya asili katika barabara ya zamani ya kurukia ndege, ili ndege wa angani wapate makazi tena. Katika kazi nyingine, aliyowaandikia Kronos Quartet, ameingiza sauti za watu aliowahoji ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta ufumbuzi wa tabianchi. Hakusubiri kualikwa kwenye mkutano ili atoe tamko.

Pwani yetu iliwahi kujibu mambo namna hii

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hebu tukumbuke historia yetu wenyewe.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, alikuwa akiujibu ulimwengu wa wakati wake. Pate, mji uliokuwa na utajiri na majumba, ulikuwa umeanguka. Angeweza kuandika mawaidha ya jumla kwamba dunia ni mapito, na angeeleweka. Lakini aliingia ndani ya nyumba zile tupu akaonyesha kilichobaki, kitu kwa kitu. Ndiyo maana utenzi ule bado unasomwa hadi leo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia bahari na vyombo vyake kusema habari za siasa za mji wake, na watu walielewa ni nani anayesemwa. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba kesi iliyojulikana. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke na hukumu ambayo watu waliiona ni ya dhuluma. Wimbo ule ulimtaja mtu na ukaelezea tendo na mahakama iliyoamua. Wasikilizaji waliomba habari, na Siti akawapa habari kwa sauti nzuri.

Ukiwaweka pamoja watu hawa watatu na msichana wa Berkeley, utaona wanafanana katika jambo moja: wako mahususi. Wamechagua kitu kimoja, wakakitazama au kukisikiliza mpaka mwisho. Muziki au shairi linalotaka kuujibu ulimwengu likikosa umahususi huo, linabaki hotuba yenye mdundo.

Wimbo wa mradi

Sasa tuangalie tunachofanya leo. Shirika linapata fedha za mradi wa miaka mitatu wa kuhifadhi bahari. Katika bajeti kuna kifungu cha uhamasishaji. Msanii wa mtaani anaitwa, anapewa karatasi ya ujumbe unaotakiwa kuingia, anapewa wiki moja, na wimbo unatoka. Unasema tusikate mikoko, tusitupe plastiki, tutunze mazingira kwa ajili ya watoto wetu. Unapigwa siku ya uzinduzi chini ya hema. Mradi ukiisha, na wimbo umeisha.

Simlaumu msanii, kwani naye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Wala ujumbe wenyewe si wa uongo. Lakini wimbo huo ungeweza kuimbwa Kisumu au Turkana kwa kubadilisha neno moja tu. Hauna Gazi ndani yake wala Shimoni, na Kizingitini pia haimo. Hausemi lolote ambalo mama anayechokonoa pweza kwenye mwamba hakulijua jana. Huyo mama ndiye anayejua zaidi, na hakuna aliyemuuliza.

Na habari zenyewe zipo, tena nzito. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya Bahari Hindi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote kuu. Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Tanzania, nasi huku tukayaona mawimbi yake.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, baada ya wenyeji kuupinga kwa miaka. Hizo ni habari za ulimwengu wa kisasa zilizofika mlangoni petu. Siti angekuwa hai, asingeziacha zipite.

Kuna habari njema pia. Gazi na Makongeni, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa kijamii wa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Wanalinda hekta 117, na mapato yamewapatia maji na kusaidia shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator. Vanga nao wakafuata nyayo zao. Dunia imewasikia watu hawa kupitia ripoti na makongamano. Lakini mkoko wenyewe una sauti: kaa wanaotembea juu ya mizizi, maji yanayoingia kwa kimya, tope linalobwabwaja yanapotoka. Sijui kazi yoyote ya muziki iliyoketi humo msimu mzima kuisikiliza.

Okestra si mgeni kwetu

Neno okestra lisitutishe. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Kwa miongo mingi vikundi vya taarab vya visiwani vilijengwa kwa mfano wa okestra za Misri: safu ya fidla, selo, udi, kanuni, nai, akordioni, dufu na dumbak. Hiyo ni okestra, tena yenye rangi za sauti ambazo ya Ulaya haina. Mombasa vikundi vilikuwa vidogo zaidi, lakini utunzi ulikuwa mkubwa. Juma Bhalo alizichukua tahajia za muziki wa filamu za Kihindi akazifanya za Kimvita, naye Zein l'Abdin aliushika udi kwa namna iliyomfanya ajulikane mbali na kwao Lamu.

Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein mwaka 2016. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilikuwa kimeshachukua nafasi ya wapigaji wengi. Mwenye harusi analipa mtu mmoja mwenye kinanda pale ambapo zamani angelipa watu wanane. Hesabu hiyo inaeleweka. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Mji wa Kale anayetaka kujifunza fidla leo hana mahali pa kuipigia, na mtunzi anayetaka kuandikia ala kumi hana wapigaji kumi. Zanzibar angalau ilipata chuo chake cha muziki, Dhow Countries Music Academy, mwaka 2002. Upande wetu tumeachia hoteli na kumbi za harusi ziamue ala zipi zitaishi.

Na vipaji vinavyoweza kuunganisha mambo haya vipo humu nchini. Nyokabi Kariũki, mtunzi wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1998, alitoa mwaka 2022 mkusanyiko uitwao peace places: kenyan memories, uliotengenezwa kwa sauti alizozirekodi katika mazingira ya kumbukumbu zake, zikasukwa na ala na sauti yake mwenyewe. Kipande kimoja kinaitwa Galu, jina la ufuo wetu kule Kusini. Mtu wa Nairobi amekipa kituo cha Pwani nafasi katika muziki wa kisasa. Nampongeza. Lakini nauliza pia: aliyezaliwa Galu na Kinondo ana nini cha kutusikilizisha, na nani amempa nafasi?

Pingamizi mbili za haki

Ya kwanza: mvuvi ambaye mashua yake imekosa mafuta hahitaji okestra. Ni kweli. Hakuna muziki uliowahi kupanda mkoko mmoja. Tena okestra kubwa za dunia zenyewe zina doa, kwa kuwa zinasafiri kwa ndege kutoka mji hadi mji, na tiketi zake hazinunuliwi na masikini. Smith akipigiwa makofi Stockholm, joto la bahari halishuki. Anayedai zaidi ya hapo kwa ajili ya muziki anapiga porojo.

Lakini jamii hailindi kitu isichokijali, na haikijali kitu ambacho imesahau kukitazama. Vijana wetu wengi wa mjini wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka baharini na hawajui mwamba uko hai au umekufa. Ripoti haitawafanya wajali. Sauti inaweza, ikiwa ni ya kweli. Mvuvi naye anahitaji mafuta leo, na anahitaji pia kwamba mjukuu wake ajue kulikuwa na nini pale kabla ya kutia saini karatasi ya kuuza ufuo.

Ya pili: fedha hazipo. Hili silikubali kwa wepesi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, na kaunti za Pwani kila mwaka hulipia matamasha, mahema, vipaza sauti na fulana. Siku hizi kuna pia fedha za tabianchi zinazoshuka hadi mashinani. Tunacholipia ni onyesho. Muda wa kutunga hatuulipii. Tunamlipa msanii saa moja ya jukwaani, na miezi sita ya kusikiliza, kuandika na kufanya mazoezi tunaiona kuwa ni jambo lake la nyumbani.

Kaunti zifanye nini

Pendekezo langu ni dogo na linapimika. Kila kaunti ya Pwani iagize kazi moja ya muziki kwa mwaka, ya dakika 15 hadi 20, kutoka kwa mtunzi aliye chini ya miaka 35. Alipwe kwa muda wa kutunga, kusi moja na kaskazi moja, na akae na watu anaowatungia: wavuvi wa Faza, akina mama wa mikoko wa Gazi, waokota chaza, mafundi wa jahazi wa Matondoni. Kazi iandikiwe wapigaji wanaopatikana, fidla, udi, nai, ngoma za Kimijikenda, zumari, chochote kinachofaa, ili nao walipwe na vijana wapate sababu ya kujifunza.

Masharti mawili yasivunjwe. La kwanza, asipewe karatasi ya ujumbe. Akitaka kuandika hasira kuhusu bandari, aandike. Akitaka kuandika furaha ya bamvua, aandike. Afisa anayetaka wimbo wa kumsifu gavana atafute bajeti nyingine. La pili, haki ya kazi ibaki ya mtunzi, na rekodi yake ifike shuleni na kwenye redio zetu bila malipo kwa msikilizaji.

Kazi ya kwanza huenda ikawa dhaifu, ya pili vilevile. Hilo lisitukatishe tamaa. Smith hakuanza na Tumblebird Contrails, na kabla ya Stockholm kulikuwa na walimu, tamasha la watunzi wapya na okestra zilizokubali kumpigia msichana asiyejulikana. Miaka tisa ilipita kati ya Cabrillo na Stockholm. Bajeti za utamaduni za kaunti husomwa kila mwaka, na wananchi tuna haki ya kuhudhuria vikao vya kutoa maoni. Mwaka huu, mmoja wetu asimame aulize: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya kutunga?